Komamanga huanza kuoza likiwa bado ua

Ukikuta makomamanga yameota ukungu wa kijivu ghalani, usikimbilie kulaumu ghala. Mara nyingi kuvu aina ya Botrytis aliingia tangu shambani, wakati wa maua, akajificha kwenye nyuzi kavu za ua zinazobaki ndani ya taji, ile ncha ya tunda yenye meno. Hutulia humo mpaka apate unyevu. Kuoza huanzia kwenye taji, ganda hugeuka kahawia na kulainika, kisha ukungu huhamia tunda lililogusana nalo.

Alternaria naye hupitia kwenye ua, ila huyu ni mjanja zaidi: ganda zima, punje ndani nyeusi tii. Lishike mkononi. Tunda jepesi kuliko umbo lake, au lenye rangi isiyofanana na wenzake, lipasue uone.

Ndiyo maana kupuliza dawa matunda yakishakuwa makubwa hakuokoi kitu kwa magonjwa haya. Kinga ni wakati wa maua, hasa mvua ikinyesha, na kwa kuwa mkomamanga huchanua kwa awamu, mpulizo mmoja hautoshi. Tumia dawa iliyosajiliwa kwa zao hili, badilisha kundi la dawa ili kuvu asizoee, puliza jioni nyuki wakisharudi, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Shamba chafu hata hivyo litakushinda: pogoa katikati ya mti hewa ipite, na ondoa matunda yaliyokaukia matawini, maana hayo ndiyo kiwanda cha kuvu. Mwagilia kwa kiasi kisichoyumba. Udongo uliokauka sana ukipata maji mengi ghafla, matunda hupasuka, na kuvu wengine, Aspergillus na Penicillium, hupata mlango.

Vuna umande ukishakauka. Kata kikonyo kwa mkasi, kifupi kabisa. Ukivuta unachana ganda, ukiacha kirefu kinachoma jirani yake kwenye kreti.

Ukiosha, weka mililita 40 za dawa ya klorini ya asilimia 5 katika lita 20 za maji safi, na uyabadilishe yakichafuka, kwa sababu uchafu hula klorini. Haitamfikia kuvu aliyejificha kwenye taji, lakini itazuia maji yasiambukize matunda mengine. Taji hushika maji kama kikombe: ligeuze chini lichuruzike, likauke kabisa.

Hifadhi kwenye nyuzi joto 5 hadi 7, unyevu wa hewa asilimia 90 hadi 95. Baridi ikizidi hapo ganda huungua, likawa na madoa ya kahawia, na ukungu hufuata. Kagua kila wiki. Lililooza litoe, na yaliyoligusa yatenge uyatumie kwanza.