Kabla Hujaomba Mashine Mpya, Omba Pesa za Kuitunza

Kazi yangu ni mashine. Niko katika maabara ya kemia ya chuo kikuu, na kwa miaka mingi nimewaona wanafunzi wa uzamivu wakiingia, wakihitimu na wengine wakirudi na vikundi vyao vya utafiti. Kila anayerudi namwambia jambo lile lile: ukikaa kuandika ombi la ruzuku, anza na fungu la matunzo, kisha ndiyo uje kwenye kifaa chenyewe. Wengi huanza na kifaa, na matunzo huyatafutia nafasi kwenye chenji iliyobaki. Nawaelewa. Kifaa kina jina kubwa, kinazinduliwa, kinabandikwa kibao cha mfadhili. Mafuta ya pampu hayazinduliwi na mtu.

Chukua mashine ya NMR, inayochunguza molekuli kwa nguvu ya sumaku, ambayo mkemia anaitegemea kujua kama alichopika ndicho alichokusudia. Sumaku yake imezamishwa ndani ya heliamu kimiminika, kwenye nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, na nje ya heliamu kuna tabaka la nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa mashine nyingi za aina hiyo, nitrojeni huongezwa kila wiki au kila baada ya wiki mbili, na heliamu kila baada ya miezi kadhaa. Ratiba hiyo haijui sikukuu wala likizo ya chuo. Heliamu ikishuka mno, waya wa sumaku hupata joto na kuanza kuukinza umeme unaozunguka ndani yake. Umeme huo hugeuka joto, joto huchemsha heliamu iliyobaki, na ndani ya muda mfupi chumba kinajaa ukungu mweupe unaofoka kwa kishindo juu ya mashine. Lita moja ya heliamu kimiminika hutoa zaidi ya lita 700 za gesi, na gesi hiyo huisukuma hewa nje. Kipima oksijeni kilichopo ukutani hakikuwekwa kwa urembo. Kikilia, tokeni kwanza, maswali baadaye.

Sasa jiulize: nani huijaza hiyo nitrojeni? Hapo ndipo bajeti nyingi zinapokuwa kimya. Zina bei ya sumaku, pengine zina bei ya heliamu, lakini hazina mshahara wa mtu. Mimi ningependa kuona ombi linaloeleza wazi: huyu ndiye atakayeitunza, huyu ndiye atakayeshika zamu akiwa likizo, hii ndiyo gharama ya mkataba wa fundi kwa miaka yote ya mradi na hata baada yake. Mfadhili akigoma kulipia matunzo, zungumza na uongozi wa chuo kabla ya kupokea kifaa, wapate kuahidi kwa maandishi. Kifaa kikishafika na kufunguliwa, nguvu yako ya kudai inakuwa imeisha.

Msaada mwingine hauhitaji hata senti. Mwanafunzi ananijia, shinikizo kwenye HPLC, mashine ya kutenganisha kemikali zilizomo kwenye sampuli, limepanda, anataka kolamu mpya, yaani mrija ambamo utenganishaji hufanyika. Swali langu la kwanza huwa moja: ulitoka kwenye bafa ya fosfeti, yale maji yenye chumvi ya kutuliza kiwango cha asidi, ukaenda moja kwa moja kwenye kiyeyushi cha asetonitrili tupu? Chumvi ile haiyeyuki humo. Inaganda kuwa chembe ndani ya mirija na kuziba njia. Pitisha kwanza maji yenye asetonitrili kidogo, taratibu, bafa yote iishe, ndipo uongeze asetonitrili. Sehemu ya mbinu katika makala za kisayansi mara nyingi hailitaji jambo hilo, kwa sababu aliyeandika anadhani kila mtu analijua. Kwa hiyo liandikeni nyinyi. Wekeni daftari kando ya kila mashine: tarehe, jina, sampuli, shinikizo la kuanzia na la kumalizia, na kilichokuwa cha ajabu hata kama ni kidogo. Profesa naye aandike, asijitoe.

Nikihubiri haya, vijana huniambia kwamba mafanikio makubwa huletwa na vichwa vikubwa, si na daftari la mashine. Basi huwapeleka Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1909, mkemia Fritz Haber alipoonyesha kwamba amonia inaweza kutengenezwa mfululizo kutokana na nitrojeni ya hewani na haidrojeni. Kwenye karatasi hesabu zilikuwa zimeshakubali. Kilichokuwa kigumu ni chombo cha kustahimili shinikizo la karibu mara 200 ya lile la hewa, huku kikiwa na joto kali na bila kuvuja. Aliyekisanifu ni msaidizi wake, Robert Le Rossignol, mtu wa kisiwa cha Jersey, ambaye valvu zake ndizo zilizowezesha jaribio lile. Nobeli ya mwaka 1918 alipewa Haber peke yake. Lakini pesa za hataza Haber aligawana na Le Rossignol, na hilo nalihesabu upande wake mzuri, maana upande wa pili wa historia yake, wa gesi za vitani, hauna mtetezi kwangu.

Kisa kinachonikera zaidi ni cha Douglas Prasher. Akiwa Woods Hole, Marekani, aliichambua jeni ya protini ya kijani ya kiwavi bahari anayeng'aa na kuichapisha mwaka 1992. Ruzuku ikamwishia. Jeni akawapa wenzake walioiomba, wakiwemo Martin Chalfie na Roger Tsien. Mwaka 2008 hao wawili, pamoja na Osamu Shimomura aliyeigundua protini yenyewe, walipata Nobeli ya kemia. Prasher wakati huo alikuwa dereva wa gari la kuwasafirisha wateja wa duka la magari huko Alabama. Chalfie na Tsien walimlipia safari ya kwenda Stockholm kuhudhuria sherehe, na miaka michache baadaye akafanya kazi katika maabara ya Tsien. Uungwana mkubwa, lakini ulikuja baada ya tuzo. Ukiwa mkuu wa idara, tenga akiba ndogo ya kumvusha mtafiti kati ya ruzuku iliyokwisha na ile inayosubiriwa. Miezi michache tu ya mshahara na vitendanishi huokoa kazi ya miaka.

Kuhusu majina kwenye makala, zungumzeni kabla ya kazi kuanza, wakati bado mnacheka pamoja. Msimamo wangu ni huu: fundi aliyepima sampuli kwa utaratibu wa kawaida atajwe kwa jina kwenye shukrani, si kama "wafanyakazi wa maabara". Aliyebuni njia ya kupima, au aliyegundua kwamba kilele cha grafu mlichokishangilia kilikuwa ni uchafu wa kiyeyushi, ni mwandishi mwenza. Majarida mengi siku hizi huomba mchango wa kila mtu utajwe kwa kutumia orodha ya CRediT yenye majukumu 14. Ijazeni kwa ukweli. Mara nyingi naona "usimamizi" umeandikwa mbele ya jina la mtu ambaye hata mlango wa maabara haujui.

Na stoo msiisahau. Mwaka 2008 na 2009 asetonitrili iliadimika duniani, kwa kuwa hupatikana kama zao la pembeni la akrilonitrili, kemikali ya kutengenezea plastiki, na viwanda vya akrilonitrili vilikuwa vimepunguza uzalishaji uchumi ulipoyumba. Maabara zilizokuwa zimeshajaribu njia zao kwa methanoli badala ya asetonitrili ziliendelea na kazi. Jaribuni yenu sasa, kolamu ikiwa bado nzima na chupa zikiwa zimejaa.