Oringi iliyozikalisha chini Chinook 400

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa pampu za dizeli hapa Mwanza. Nimesoma kwamba mwaka 2022 jeshi la Marekani lilizizuia kuruka helikopta zake zote aina ya Chinook, kama 400 hivi, kwa sababu ya oringi za kwenye injini, zile pete za mpira za kuzuia mafuta yasivuje. Sisi oringi ikikatika tunapima, tunatafuta inayoingia, kazi inaendelea. Tena Chinook ina injini mbili. Moja ikizingua si nyingine ipo? Wenzangu gereji wanasema lazima kuna jambo lilifichwa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, fundi. Hilo la kufichwa tulimalize kwanza. Mwishoni mwa Agosti 2022 jeshi lenyewe lilisema kuna injini chache za Chinook zilizoshika moto, kwamba hakuna aliyekufa wala kuumia, na kwamba chanzo cha mafuta kuvuja kimejulikana. Honeywell, watengenezaji wa injini hiyo ya T55, wakaongeza kuwa baadhi ya injini zilifungwa oringi zisizofuata vipimo vyao, na kwamba zilifungwa wakati wa matengenezo kwenye karakana ya jeshi, si kiwandani kwao. Kama kungekuwa na la kuficha, nadhani wangeanza na hilo.

Lililonikera kwenye barua yako ni maneno mawili tu: "tunatafuta inayoingia". Nimeyasikia kwa mafundi wa pikipiki, nimeyasikia kwa mafundi wa boti, na Mungu atusamehe, nimeyasikia hata ndani ya hanga, banda la kutengenezea ndege.

Kuingia ni kipimo cha tundu. Hakikwambii chochote kuhusu mpira wenyewe. Oringi mbili zinaweza kulingana kipenyo, unene na weusi, ukaziweka kiganjani usizitofautishe, na bado moja ikawa ya mpira aina ya EPDM na nyingine ya mpira aina ya naitrili. Ile ya EPDM haina shida na maji moto wala mafuta ya breki, lakini ukiizamisha kwenye dizeli inavimba na kulegea kama andazi lililosahauliwa ndani ya chai. Naitrili inaivumilia dizeli vizuri, na mafuta ya ndege pia, maana hayo ni ndugu wa mafuta ya taa. Ila joto likipita nyuzi 100 na ushee kwa muda mrefu inakauka, inakuwa ngumu, inapasuka. Mahali pa joto zaidi wanaweka florokaboni, ile mafundi wengi wanayoiita vitoni, inayofika kama nyuzi 200. Na usinitajie rangi. Rangi ni ya mchanganyaji kiwandani. Nimeona za kahawia na za kijani ambazo si vitoni hata kidogo.

Kibaya zaidi, oringi isiyostahili haikwambii siku ya kwanza. Unafunga, unawasha injini uwanjani, unamulika tochi kila kiungo, pakavu. Unasaini. Inaanza kupashwa moto na kupozwa, kupashwa na kupozwa, kila siku, huku imebanwa. Polepole inalala: ile duara ya mpira inakuwa bapa na hairudi tena. Hapo ndipo mafuta yanapata upenyo, na mafuta yenyewe yana msukumo wa pampu nyuma yake, kwa hiyo hayadondoki, yanarushwa kama ukungu. Mafuta ya ndege yakigusa chuma chenye nyuzi 210 au zaidi yanaweza kuwaka bila cheche yoyote, na sehemu ya nyuma ya injini ya tabaini kama hii inapita hapo mbali sana.

Sasa injini mbili. Ni kweli, mashafti ya Chinook yameunganishwa kiasi kwamba injini moja inaweza kuzungusha mapangaboi yote mawili, ya mbele na ya nyuma. Injini ikizima tu, rubani ana pa kushika. Moto haungoji zamu ya injini ya pili. Lazima ukate mafuta, ufyatue chupa ya kuzimia moto, utafute pa kutua, na uombe moto usiwe umeshafika kwenye nyaya na mabomba ya jirani. Halafu fikiria injini ya kushoto na ya kulia zilizopita meza moja, mikononi mwa fundi mmoja, zikafungwa oringi za pakiti moja. Ile akiba uliyodhani unayo haipo, kwa kuwa ugonjwa ni uleule pande zote mbili.

Ndiyo maana zikakalishwa zote. Zilizotiliwa shaka zilitajwa kuwa zaidi ya 70, nawe ungeuliza kwa nini zisizuiwe hizo tu. Utazijuaje ni zipi kabla hujapekua kumbukumbu za kila injini, nani alifungua, lini, kwa spea za pakiti namba ngapi? Mpaka upekuzi uishe, ya 71 inafanana na ya kwanza. Kuzisimamisha zote ni kazi ya siku moja ya amri. Kuziruhusu moja moja ndiko kunakohitaji makaratasi.

Na makaratasi ndiyo wajanja wanayoyachezea. Mwaka 2023 mamlaka za anga za Ulaya, Uingereza na Marekani zilitoa tahadhari kuhusu spea za injini za CFM56, zile zinazobeba Boeing 737 na Airbus A320 nyingi duniani, zilizouzwa na kampuni moja ya London kwa vyeti vya kughushi. Vilikuwemo vitu vidogo kama bolti na washa. Mashirika makubwa yalilazimika kutoa ndege kazini na kufungua injini kuvitafuta. Nyuma zaidi, Septemba 1989, ndege ya Partnair ikitoka Oslo kwenda Hamburg ilipoteza mkia angani, wakafa wote 55. Wachunguzi walikuta kwenye mkia bolti zisizo halali, dhaifu kuliko zilizotakiwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa na dalali pakiti tatu za sili (oringi na vizibo vingine vya namna hiyo), tarehe tatu tofauti za kutengenezwa, cheti kimoja kilichotolewa fotokopi. Nilipomuuliza akacheka, akasema, "Mzee, spea ni hiyohiyo, cheti kitafuata." Sikununua. Alitoka akaenda hanga la jirani, na hilo ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo. Mwenzake ni yule anayepaka silikoni ya tyubu kwenye kiungo cha mafuta kisha anamwambia mwenye mashine kwamba amebadilisha sili.

Kwa pampu zako: nunua kwa namba ya spea ya pampu husika, si kwa kipenyo. Ukiwa na shaka na fungu uliloletewa, chukua moja, ipime kwa kalipa, izamishe kwenye dizeli siku tatu, ipime tena. Ikivimba waziwazi au kuwa laini kama ufizi, rudisha fungu zima. Isipovimba, umejua inavumilia dizeli. Kuhusu joto bado hujajua kitu. Na lile kopo la Blue Band lenye oringi mchanganyiko, ambalo najua liko kwenye rafu yako kwa sababu liko kwenye kila rafu, lihamishie kwenye mabomba ya maji.