Mount Gelai ilichoma mafuta, si makaa ya mawe

Wapo wanaosema injini ya mvuke ya treni iitwayo Mount Gelai ilichoma makaa ya mawe. Mafuta mazito, ndugu, si makaa. Mount Gelai, ile namba 5918 ya Makumbusho ya Reli Nairobi, ina tangi la maji mbele, na mafuta yalibebwa nyuma ya kibanda cha dereva. Nenda ukaizunguke, utaona hakuna mahali pa kurundika makaa. Kuni zilitumika sana, lakini kwenye injini za zamani za Uganda Railway.

Na boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, ni moja tu, si mbili kama wengi wanavyodhani. Imelala katikati ya seti mbili za silinda na magurudumu, kila seti inageuka peke yake, ndiyo maana dude la tani kama 250 liliweza kukata kona za Mombasa–Nairobi kwenye reli ya upana wa mita moja.

Beyer, Peacock wa Manchester waliunda 34 za aina hii mwaka 1955–56, zikapewa majina ya milima yetu ya Afrika Mashariki. Zimebaki mbili, hiyo na 5930 Mount Shengena, zote Nairobi, ingawa milima yenyewe iko Tanzania. Zitunzwe, jamani, hazina mbadala.