Kabla hujakataa nyongeza, chukua hati yako ya mshahara

Katika shule binafsi niliyokuwa mhasibu hapa Dodoma, mwalimu mmoja wa hisabati alikataa kuwa mwalimu wa taaluma. Cheo kilikuwa na nyongeza ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Alinifuata ofisini akasema, "Dada, nikipanda hapo nakatwa kodi asilimia 25. Nitapokea pungufu ya sasa."

Nilikuwa nafunga hesabu za mwezi. Nikamjibu kwamba sivyo, basi, nikarudi kwenye makaratasi yangu. Cheo akapewa mwingine, na yeye muhula mzima akawaambia wenzake kwamba serikali inamwadhibu anayejituma. Mpaka leo najuta kutompa dakika tano siku ile.

Alikuwa mwalimu wa hisabati, kwa hiyo kupiga hesabu hakukumshinda. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kila kiwango kinakata wapi. Tulipokuja kukaa mezani wakati wa chakula, nilimwandikia hivi. Baada ya kutoa mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mshahara wake unaotozwa kodi ulikuwa 740,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi chochote. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Kinachozidi hapo hadi 760,000 ni asilimia 20, na kwake ilikuwa 44,000. Jumla 64,000. Nyongeza, tukiihesabu 30,000 kamili bila NSSF, ingemfikisha 770,000, na asilimia 25 ingegusa ile 10,000 tu iliyovuka 760,000. Kodi yote ingekuwa 70,500. Katika 30,000 zile, angebaki na 23,500 kila mwezi.

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Hata mkurugenzi, 270,000 zake za kwanza hazikatwi?" Hazikatwi. Naye anayevuka milioni moja hutozwa asilimia 30 kwenye kile kilichovuka, si kwenye mshahara wote.

Ndiyo maana nawasihi wafanyakazi wenzangu: mwisho wa mwezi usiishie kuangalia kilichoingia kwenye simu. Omba hati ya mshahara, kalamu mkononi, utenganishe makato. Vijana wengi waliosoma kwa mkopo huniambia kodi inawamaliza, kumbe katika makato yao kuna asilimia 15 ya mshahara wa msingi inayokwenda Bodi ya Mikopo. Hilo ni deni lao, wala halina uhusiano na kodi.

Lakini msidhani chuki yote ya kodi inatokana na kutojua. Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 ilipangwa kwa ngazi, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000, anayetuma nyingi akikatwa nyingi. Watu waliikataa kwa uchungu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mshahara wangu ulishakatwa kodi. Nilipomtumia mama yangu aliyeko Kondoa hela ya dawa, ilikatwa tena njiani. Ngazi zile zilifuata ukubwa wa muamala, hazikujua kama anayetuma ni tajiri au ni binti aliyechangisha fedha za matibabu ya ndugu zake. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, baadaye ikaondolewa kwenye kutuma.

Wazee wetu nao wana kumbukumbu yao. Kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliendelea kuiita kodi ya kichwa, ilifutwa mwaka 2003. Marehemu babu yangu alikuwa akisimulia watu wa kijiji chake, huko Mpwapwa, walivyokimbilia porini mgambo wakija kudai stakabadhi. Mwenye ng'ombe mia na asiye na kuku, wote wanakimbizwa. Ukimwambia mzee wa namna hiyo "kodi ya haki", mwache kwanza amalize kusimulia, kwa sababu anachokikumbuka kilimtokea kweli.

Na mama anayeuza mboga soko la Majengo akisema yeye halipi kodi, usimcheke wala usimkubalie. Kaa naye mhesabu sabuni aliyonunua, ambayo ndani ya bei yake mna VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, kiwango kilekile anacholipa mwenye gari tatu. Nimeona mara nyingi: anayeamini hachangii chochote huona aibu kuuliza mtaro wa mtaani kwake utachimbwa lini. Akishajua anachangia, anauliza kwa sauti.

Yule mwalimu cheo alikichukua mwaka uliofuata. Siku hizi swali lake ni kuhusu LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mwaka 2021 kodi ya majengo ilipohamishiwa huko, nyumba ya kawaida ilianza kukatwa shilingi 1,000 kwa mwezi. Yeye ni mpangaji Nkuhungu, umeme ananunua yeye, jengo si lake. Anataka kujua kwa nini chumba na sebule vikatwe sawa na nyumba ya vyumba sita yenye ukuta na geti, mradi zote hazina ghorofa. Nimemshauri alipeleke kwenye mkutano wa mtaa, na nimemwahidi tutakwenda pamoja.