Anemoni Aliyenywea: Maswali na Majibu

Anemoni wangu, mnyama laini wa baharini ninayemfuga kwenye tangi la maji ya chumvi, hunywea usiku akawa kama mfuko mtupu, asubuhi anatuna tena. Anakufa?

Hafi. Anemoni anakula na kunya kwa mdomo uleule, na kila baada ya muda hujikamua maji yote ya mwilini pamoja na uchafu wake, kisha hujijaza mapya. Ule uzi wa ute wa kahawia unaomtoka mdomoni mara nyingi ni kinyesi tu. Wengi huangalia minyiri (vile vidole laini vinavyozunguka mdomo), lakini habari yote iko mdomoni na kwenye unyayo. Mdomo wa anemoni mzima umefumba, kama mkunjo mwembamba; unyayo wake umeng'ang'ania mwamba; ukimgusa mnyiri kwa kijiti cha plastiki, unanata. Hofia pale mdomo unapoachama na nyama ya ndani kutokeza, anapotuna na kunywea mara kadhaa mchana mmoja, au anapokokotwa na maji bila kushika popote.

Nimenunua anemoni mweupe, ncha za minyiri za zambarau. Muuzaji alisema ndiyo rangi yake. Nimwongezee taa apate nguvu?

Taa kali sasa ndiyo itakayommaliza. Huyo amepauka: amepoteza vimwani vinavyoishi ndani ya nyama yake na kumlisha kwa mwanga. Zambarau ya nchani ni rangi yake halisi, ila weupe wa mwili ni njaa. Vimwani vichache vilivyobaki vikipigwa na mwanga mkali hutoa sumu ya oksijeni, naye huvitapika hata hivyo vichache.

Anza na PAR (kipimo cha mwanga unaotumiwa na mimea na mwani) 80 hadi 100 pale alipo, kisha panda polepole kwa wiki nne hadi sita mpaka karibu 200. Huna kipima mwanga? Shusha taa hadi theluthi moja ya nguvu yake ya kawaida, uongeze asilimia 5 kila wiki, kwa saa 8 hadi 10 kwa siku.

Kwa kuwa mwanga haumlishi, mlishe wewe. Nyama ya kamba mbichi isiyo na chumvi wala viungo, kipande cha milimita 5, mara mbili au tatu kwa wiki. Kama ilikuwa imegandishwa, iyeyushe kwenye kikombe cha maji ya tangi. Zima pampu za mkondo, weka kipande juu ya minyiri karibu na mdomo, usikisukumize ndani. Subiri dakika 15 kabla ya kuwasha pampu, maana kamba na samaki hupenda kuja kukinyofoa. Akikicheua saa chache baadaye, kilikuwa kikubwa: kata nusu. Kumshindilia mnofu mkubwa ili apone haraka ni kosa linaloua anemoni wengi waliokuwa wameanza kupona, kwa sababu kusaga chakula kunagharimu nguvu ambayo hana. Kupona ni kazi ya miezi, na dalili ya kwanza ni kivuli cha hudhurungi kinachoanza mashinani mwa minyiri.

Tahadhari moja: anemoni wa njano kali au waridi kali anaweza kuwa amepakwa rangi. Rangi hiyo itachujuka, na chini yake utamkuta mweupe huyu huyu.

Nimepima maji, yako sawa. Mbona anemoni bado hatuni?

"Yako sawa" haitibu mtu, tupe namba. Joto nyuzi 25 hadi 26 za Selsiasi, msongamano 1.025 hadi 1.026 (karibu gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji ya tangi), amonia na naitraiti 0, naitreti kati ya miligramu 2 na 15 kwa lita, ualkali 8 hadi 9 kwa kipimo cha dKH. Muhimu zaidi, namba hizo zisiyumbe.

Chumvi ndiyo hudanganya. Kipimo cha plastiki chenye mshale hushikwa na viputo vya hewa, mshale ukapanda, ukadhani chumvi inatosha kumbe ni pungufu. Tumia refraktomita (kipima chumvi kwa kupinda kwa mwanga), uirekebishe kwa myeyusho wa chumvi wa gramu 35 kwa kilo, si kwa maji matamu. Halafu kumbuka uvukizi: tangi la lita 200 likipoteza lita 4, chumvi imepanda kutoka 35 hadi karibu 35.7. Jazia maji yaliyochujwa madini kila siku, kidogo kidogo, kuliko ndoo nzima kila Jumamosi. Pima pia shaba ikiwa tangi lilinunuliwa limetumika. Dawa za samaki zenye shaba hubaki kwenye mawe na mchanga, na anemoni haistahimili.

Tangi ambalo halijafikisha miezi sita? Tatizo huenda ni hilo tu.

Anazunguka tangi zima, juzi alikuwa hatua moja na pampu.

Funika mdomo wa pampu kwa sponji leo. Anayetembea anatafuta kitu, na kila aina ina chake. Entacmaea quadricolor anataka mwanya wa mwamba wa kuzamisha unyayo gizani huku minyiri ikiota mwanga. Stichodactyla haddoni anataka mchanga wa sentimita 10 au zaidi. Heteractis magnifica anataka kilele cha mwamba, mwanga mwingi na mkondo wa nguvu. Mpe anachotaka, atatulia.

Ukilazimika kumbandua, usimvute: unyayo ukichanika, uwezekano wa kumpoteza ni mkubwa. Kwenye kioo, penyeza kadi laini ya plastiki ukingoni, taratibu. Kwenye mwamba, mtoe pamoja na mwamba wake. Vaa glovu, na usijishike machoni.

Samaki klauni wake, anayeishi ndani ya minyiri, hamwachi apumue. Niwatenganishe?

Ndiyo. Msuguano ule humchosha mgonjwa. Mfunike anemoni kwa kikapu cha plastiki chenye matundu mengi mpaka mdomo ufumbe wiki mbili mfululizo.

Nasikia siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, inaponya. Nimwage tangini?

Tangini kamwe, utaua bakteria wanaosafisha maji. Dawa hii inafaa pale mdomo unapoendelea kuachama ilhali maji ni mazuri, hasa kwa anemoni aliyetoka safarini. Pata dawa kwa daktari wa mifugo. Andaa tangi la pembeni lenye hita, pampu ya mkondo, chumvi na joto sawa na tangi kubwa. Wafugaji hutumia miligramu 250 kwa lita 40, jioni taa zikizimwa kwa sababu mwanga huivunja. Kesho yake badilisha maji yote, weka dozi mpya, kwa siku 7. Usimlishe katika siku hizo.

Nitajuaje amekwisha?

Pua itakuambia. Anemoni aliyekufa ananuka vibaya hata maji ya kikombe ulichomtekea, na nyama yake inamomonyoka ukiigusa. Mtoe papo hapo, fyonza mabaki kwa mpira wa maji, badilisha theluthi ya maji, weka kaboni mpya ya kuchujia, pima amonia baada ya saa chache na tena kesho yake. Kama hanuki na nyama imeshikana, mwache.