Maswali ya Wasomaji: Lenzi ya Mbio za Punda na Mashua

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu, na nina kamera ya Canon 2000D pamoja na lenzi yake ya milimita 18–55. Nimekusudia kupiga picha za mbio za punda kwenye usita (njia) wa pwani na za mashindano ya mashua katika mkondo wa Manda, lakini lenzi hii haivuti mbali. Muuzaji mmoja wa Mombasa amenishauri ninunue ya 150–600, kwamba lenzi ikiwa ndefu ndiyo bora. Rafiki yangu anasema ya 70–300 inatosha. Nimfuate nani?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Mfuate rafiki yako. Sensa ya kamera yako, yaani kipande cha ndani kinachopokea mwanga wa picha, ni ndogo, upana wake ni takriban milimita 22.3, kwa hiyo lenzi ya 300 kwako inavuta sawa na ya 480 kwenye kamera ya sensa kubwa, na mashua ya mita 10 iliyo umbali wa mita 150 itajaza karibu upana wote wa picha. Kwa ya 600 ungeipata mashua hiyo hiyo ikiwa mita 300, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini punda akikupitia mita 10 mbele yako, lenzi inayoanzia 150 inachukua upana wa mita moja na nusu tu, ukaambulia kichwa cha punda na goti la mpandaji, ilhali ya 70 inakupa zaidi ya mita 3. Tena lenzi hizo ndefu huwa na uzito wa kama kilo 2, na kuzishika kutwa ni kazi.

Jambo ambalo muuzaji hakukutajia, nami naliona kubwa kuliko urefu, ni mwanga. Mji wa Lamu umeelekea mashariki, hivyo alasiri jua huwa nyuma ya majumba na kivuli huangukia usita wa pwani wakati matanga mkondoni bado yanang'aa. Ili kwato zilizo hewani zisimame kwenye picha, kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga) isipungue 1/1000 ya sekunde, na kwa kasi hiyo kivulini upenyo mdogo wa lenzi utakulazimisha kupandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) mpaka picha iingie chengachenga. Lenzi ya 70–200 yenye f/2.8 (namba ya f ikipungua, upenyo huwa mpana zaidi) huingiza mwanga mara 4 ya ile inayoishia f/5.6: pale ambapo f/5.6 inataka ISO 3200, f/2.8 inatosheka na 800. Ningekuchagulia hiyo bila kusita, lau bei yake isingeipita mbali bei ya kamera yako. Usidhani kuwa mfumo wa kuzuia mtikisiko utaziba pengo hilo, kwa kuwa unatuliza mkono wako, si miguu ya punda.

Basi tafuta Canon EF 70–300 IS II USM, iliyotoka 2016, yenye gramu 710 na mota ya fokasi iliyo ya haraka kweli. Tahadhari usiuziwe 75–300 III kwa kuwa majina yanakaribiana: ile haina mfumo wa kuzuia mtikisiko, na fokasi yake huchelewa. Kwenye kamera chagua hali ya fokasi iitwayo AI Servo, inayomfuata mkimbiaji, pamoja na picha za mfululizo.

Kwa mashua, jipange karibu na boya la kugeuzia. Hapo mashua hubanana, tanga huhamishwa upande, na mabaharia hukimbilia ubao uliotokeza nje ya ubavu ili chombo kisilale. Ukipata nafasi ndani ya boti, ichukue, maana jua la mchana likiwaka, joto lililo juu ya maji huzitetemesha picha za mbali, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoondoa hilo isipokuwa kusogea karibu.

Ukinunua iliyotumika, mulika tochi upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iache. Ukirudi kutoka baharini, pangusa chumvi kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo ya chumvi, wala usianze na kikavu, kwani chembe hukwaruza kioo. Kisha ihifadhi ndani ya mkebe unaofunga barabara, pamoja na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu.