Woga si ugonjwa, kichwa kilichogongwa ndiyo ugonjwa

Safari hii karibu kila aliyeniandikia kuhusu ngumi anauliza habari za moyo wa kupigana na woga. Nimechukua maswali saba.

Jimu hakuna wa kuniweza, lakini kwenye pambano mikono inakuwa mizito hata raundi ya kwanza haijaisha. Nimepungukiwa stamina? (Bondia wa ridhaa, Temeke)

Kama unamaliza raundi sita za sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, ukiwa bado unaongea vizuri, stamina unayo. Kinachokumaliza ni pumzi unayoibana. Hofu ikipanda mwili unamwaga adrenalini, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, mabega yanapanda hadi masikioni, meno yanaumana, na unarusha makonde kumi bila kutoa pumzi hata mara moja. Dakika moja na nusu ya namna hiyo mikono imekwisha.

Kabla ya pambano pasha mwili dakika 20 hadi 30 mpaka jasho likutiririke: kuruka kamba, kivuli (kupiga hewa peke yako), kisha pedi anazoshika kocha, raundi tatu, ya mwisho kwa kasi ya pambano lenyewe. Moyo lazima ukimbie mara ya kwanza ukiwa bado chumba cha kubadilishia nguo. Anayepanda ulingoni mkavu anakutana na mshtuko ule mbele ya mtu anayempiga. Na kwa kuwa mapambano yetu huchelewa, pambano la saa tatu likapigwa saa sita usiku, usifuate ratiba ya bango. Hesabu mapambano yaliyobaki; yakibaki mawili mbele yako, anza pedi, kisha vaa koti usipoe.

Ukiwa unasubiri, vuta pumzi puani kwa hesabu ya nne, itoe mdomoni kwa hesabu ya sita, mara kumi. Ile ya kutoa ndiyo inayoshusha mapigo, kwa hiyo iwe ndefu. Ulingoni kila konde litoke na pumzi fupi inayosikika, na dakika ya kwanza cheza jebu (konde la kunyoosha la mkono wa mbele) na miguu tu. Woga wenyewe hautaondoka. Mabingwa nao wanao, ila wamezoea kufanya kazi nao.

Kulala na mwanamke usiku wa kuamkia pambano kunamaliza nguvu? (Wengi, tena na tena)

Kinachomaliza nguvu ni kukesha. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, msilirudie.

Mwanangu ana miaka 17, ana kipaji ila wanasema ana moyo mdogo. Kocha anampambanisha na wakubwa waliomzidi kilo ili akomae. Akirudi analala mchana kutwa, chakula hataki, ananijibu ovyo. (Mama, Tanga)

Mama, hizo si dalili za moyo mdogo. Usingizi usio wa kawaida, hasira za ghafla na kukosa hamu ya kula baada ya kupigwa kichwani ni dalili za ubongo uliotikiswa. Kuanzia leo asipigwe kichwani hata kwa mzaha, na umpeleke kwa daktari. Akitapika, kichwa kikizidi kuuma, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, akipata degedege au akisinzia ukashindwa kumwamsha, usingoje asubuhi: hospitali saa hiyo hiyo. Usimpe aspirini.

Kurudi mazoezini ni kwa hatua: siku mbili za kupumzika, halafu kutembea, kamba, begi, pedi, na sparingi iwe ya mwisho kabisa, daktari akisharidhia. Dalili zikirudi katika hatua yoyote, anarudi nyuma. Kanuni za ngumi za ridhaa zimekuwa zikimweka nje aliyepigwa KO, yaani aliyeangushwa akashindwa kuendelea, kwa siku 30 angalau, mbili ndani ya miezi mitatu zikamweka nje siku 90. Lakini anayeumia jimu hakuna anayemhesabia siku, na ndiko vijana wetu wengi wanakoumizwa.

Makocha mnaoita ukatili huu kukomaza, angalieni unachofundisha. Kijana anayepigwa na mtu aliyemzidi kilo 10 anajifunza kufumba macho, kugeuza uso na kurudi nyuma kwa mstari mnyoofu. Kisha mnamwita mwoga kwa tabia mliyomfundisha wenyewe. Jicho linafundishwa hivi: wawili wa uzito mmoja, glovu za aunsi 16, kofia na kinga ya meno, mmoja anarusha jebu tu, kwa theluthi ya nguvu zake, mwingine anazuia tu, dakika mbili, halafu wanabadilishana. Kazi ya anayezuia ni moja: kutofumba macho. Jicho likishatulia ndipo inaongezwa ngumi ya pili, kisha ruhusa ya kujibu. Ni kazi ya wiki kadhaa, na haimtoi mtu damu.

Muhammad Ali alimshinda George Foreman kwa maneno. Nataka nimtukane mpinzani siku ya kupima uzito. Niseme nini? (Mbeya)

Usiseme kitu. Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Ali aliegemea kamba za ulingo, akaficha kichwa, akamwacha Foreman ajichoshe kwa kupiga mikono aliyojikinga nayo, akawa anamkandamiza shingo kila walipokumbatiana, na raundi ya nane akammaliza. Maneno yalikuwa nyongeza tu juu ya mpango.

Ukitaka kuona matusi yanavyofanya kazi, tazama mapambano mawili ya mwaka 1980. Mwezi Juni, Montreal, Roberto Durán alikuwa amemchokoza Sugar Ray Leonard mpaka Leonard akasimama kupigana naye ana kwa ana, kiume, na akapoteza. Novemba, New Orleans, Leonard akatumia miguu yake, akazunguka, akamcheka usoni, na Durán akageuza mgongo akaacha pambano raundi ya nane. Kwa hiyo ukitukanwa jiulize: huyu anataka nipigane vipi? Halafu usipigane hivyo.

Nikinywa kidogo kuondoa woga? (Mwanza)

Hapana. Pombe inachelewesha jicho, inakausha mwili uliokwisha kukaushwa na kupunguza uzito, na ukianguka inamchanganya daktari: hajui kama unapepesuka kwa kilevi au kwa damu inayovuja kichwani. Bangi nayo ni hivyo hivyo.

Kwenye kona yangu, wakati wa mapumziko, wasaidizi watatu wanaongea kwa mpigo. Nikirudi ulingoni sikumbuki kitu. (Mombasa)

Si wewe, ni wao. Mapumziko ni sekunde 60. Za kwanza 15 ni za kukaa, kutoa kinga ya meno na kupumua, asiongee mtu. Maji kidogo. Kisha anaongea mmoja tu, amekuinamia usoni, kwa sauti ya chini, maagizo mawili yasizidi, tena ya kufanya: "Jebu mbili, toka kushoto." Akikwambia "usishushe mkono," kichwa kinabaki na picha ya mkono ulioshuka. Mwisho urudie agizo kwa mdomo wako kabla ya kusimama. Ukishindwa kulirudia, kocha ajiulize kama umechoka au umeumia.

Niliangushwa, nikahesabiwa, nikasimama mwenyewe. Refa akamaliza pambano. Nilikuwa timamu, wameniibia! (Morogoro)

Kusimama hakuthibitishi utimamu. Robert Wangila, Mkenya aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Seoul 1988, alisimamishwa na refa raundi ya tisa, Las Vegas, Julai 1994. Alilalamika kama unavyolalamika wewe. Muda mfupi baadaye akazimia chumbani, na akafariki. Ubongo unaovuja damu unaweza kuongea, kutembea na kubisha kwa muda, ndiyo maana uamuzi hauachwi mikononi mwa bondia.

Mshukuru refa yule, kapimwe kichwa, kisha kaa na kocha wako wiki kadhaa kabla ya pambano lijalo mkubaliane lini atupe taulo ulingoni kusimamisha pambano. Kwa mfano: ukishindwa kurudia agizo kwenye mapumziko mawili mfululizo, au ukipigwa makonde matano bila kujibu hata moja, taulo linatupwa. Mkubaliane mbele ya mke wako au kaka yako. Siku ya pambano ukiwa umevimba uso utamwambia kocha "niache niendelee", naye awe na shahidi kwamba ulishamwambia asikusikilize.